Joto la Mchezaji na Joto la Mjenzi



Mashindano makubwa hufanana na arusi. Mgeni wa mwisho akishaondoka, hakuna tena anayeuliza ni nani aliyekesha jikoni wala ni nani aliyeungua mkono kwa mvuke. Ndivyo ilivyo kwa Kombe la Dunia la soka lililochezwa nchini Qatar tangu tarehe 20 Novemba hadi tarehe 18 Desemba 2022. Argentina na Ufaransa ziliupatia ulimwengu fainali iliyokwisha kwa mabao 3 kwa 3 na kuamuliwa kwa penalti. Morocco ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali, na bara zima lilishangilia nayo. Furaha hiyo ilikuwa halali, wala hatuandiki ili kumnyang'anya mtu furaha yake.

Lakini furaha hiyo ilitanguliwa na miaka kumi na miwili ya mabishano, na neno lililorudiwa kuliko mengine katika mabishano hayo lilikuwa joto. Je, yafaa kuyapeleka mashindano makubwa ya soka katika nchi ya jangwa ambayo jua lake huweza kumwangusha mtu mwenye afya njema? Swali hilo lilikuwa la haki. Kwa bahati mbaya liliulizwa kwa niaba ya watu wachache, likajibiwa kwa ajili ya hao wachache, kisha faili likafungwa. Sisi twaona kwamba nusu ya swali hilo haijajibiwa mpaka leo, na kwamba nusu hiyo yatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko tunavyodhani.

Uamuzi wa Zurich

Tarehe 2 Desemba 2010 Halmashauri ya Utendaji ya Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) ilikutana katika mji wa Zurich, Uswisi, kuchagua mwenyeji wa Kombe la mwaka 2022. Waliopiga kura walikuwa 22, kwa maana wajumbe wawili walikuwa wamesimamishwa baada ya kutuhumiwa kwamba walikuwa tayari kuuza kura zao. Nchi zilizoomba zilikuwa Qatar, Marekani, Australia, Japani na Korea Kusini. Katika duru ya mwisho Qatar ilipata kura 14 na Marekani kura 8.

Ulimwengu ulishangaa. Qatar ilikuwa haijawahi kufuzu kucheza fainali za Kombe la Dunia, na sehemu kubwa ya viwanja vilivyohitajika ilikuwa bado kwenye karatasi. Tena mashindano yalikuwa yamepangwa kuchezwa Juni na Julai, miezi ambayo joto la Doha hupita nyuzi 40 za Selsiasi, na unyevunyevu wa Ghuba huifanya hewa iwe nzito kama ya chungu kilichofunikwa. Jambo hilo halikuwa siri. Watathmini waliotumwa na FIFA yenyewe walikuwa wameandika katika taarifa yao kwamba joto la miezi hiyo ni hatari inayoweza kudhuru afya ya wachezaji, waamuzi na watazamaji. Wapiga kura walikuwa nayo taarifa hiyo, na wakapiga kura kama walivyopiga.

Penye udhia penyeza rupia, walisema wahenga, na tangu siku ile tuhuma za rushwa hazikukoma. Mwaka 2020 waendesha mashtaka wa Marekani walidai mbele ya mahakama kwamba baadhi ya wapiga kura walihongwa ili waichague Qatar. Qatar imekana daima. Hatuna uwezo wa kuamua kesi hiyo, na wala si shabaha yetu leo. Twataka kuangalia jinsi swali la joto lilivyoshughulikiwa baada ya kura kupigwa.

Swali lililojibiwa

Madaktari wa michezo, makocha na vyama vya wachezaji walisema wazi kwamba kucheza dakika 90 katika jua la Julai kungehatarisha maisha. Qatar ilijibu kwamba ingejenga viwanja vinavyopozwa hewa. Na kweli ilivijenga. Kati ya viwanja vinane vya mashindano, saba vilifungwa mitambo inayopuliza hewa baridi kwenye nyasi na chini ya viti vya watazamaji. Hata hivyo wasiwasi haukuisha, maana mtazamaji haishi uwanjani; hutembea barabarani, hungoja basi, hupanga foleni. Basi mwezi Machi 2015 FIFA iliamua kwamba mashindano yahamishiwe Novemba na Desemba, wakati hali ya hewa ya Doha ni ya kupendeza.

Tusiupite uamuzi huo haraka. Kwa kuogopa joto la mwezi mmoja, kalenda ya soka ya dunia ilivunjwa na kupangwa upya. Ligi kubwa za Ulaya zilisimama katikati ya msimu. Vilabu vilinung'unika, kisha vikalipwa: FIFA iligawa dola za Marekani milioni 209 kwa vilabu 440 kuwa malipo ya kuwaruhusu wachezaji wao. Hapa twajifunza jambo moja, nalo ni kwamba wakubwa wakitaka kumwepusha mtu na joto, hakuna kisichowezekana. Msimu huhamishwa, hewa hupozwa, na fidia hulipwa.

Swali lililoachwa

Sasa tuulize: viwanja hivyo vilijengwa mwezi gani?

Vilijengwa miezi yote. Viwanja saba vipya, reli ya chini ya ardhi, barabara, mahoteli na karibu mji mzima wa Lusail vilisimama katika muda wa miaka kumi na miwili, na kila mwaka ulikuwa na Juni yake na Julai yake. Mjenzi hakuhamishiwa msimu. Katika nchi yenye watu karibu milioni 3, takriban tisa katika kila kumi ni wageni waliokwenda kutafuta riziki. Walitoka Nepali, India, Bangladesh, Pakistani, Sri Lanka na Ufilipino. Na kwetu walitoka Wakenya na Waganda, walioajiriwa kuwa walinzi, madereva, wafagiaji na watumishi wa majumbani.

Ili tuelewe uzito wa joto hilo, tukumbuke kisa kimoja kilichoonwa na dunia nzima. Mwaka 2019 Doha iliandaa mashindano ya dunia ya riadha. Ndani ya uwanja wa Khalifa hewa ilipozwa. Lakini mbio za marathoni haziwezi kukimbiwa chini ya kiyoyozi, kwa hiyo wanawake waliondoshwa saa sita ya usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba. Hata saa hiyo joto lilikuwa zaidi ya nyuzi 30. Walioanza walikuwa 68. Walioshindwa kumaliza walikuwa 28, na baadhi yao walibebwa kwa machela. Mshindi alikuwa Mkenya, Ruth Chepngetich, aliyetumia saa 2, dakika 32 na sekunde 43. Januari mwaka huohuo, katika mji wa Dubai, alikuwa amekimbia umbali uleule kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 8. Hao walikuwa wanawake waliofanyiwa mazoezi kuliko wengine wote duniani, wakikimbia mara moja, usiku, huku maji na madaktari wakiwa njiani. Mtu aliyefunga nondo juu ya paa la uwanja hakuwa na usiku wala machela, na kesho yake alirudi kazini.

Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho linalokauka. Hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi, jasho halikauki. Hutiririka bure, na mwili huendelea kupata moto. Kazi nzito nayo huongeza moto kutoka ndani. Moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi, figo huumia kwa kukosa maji, na mtu aliyeonekana mzima jioni huweza kukutwa amekufa asubuhi. Mwaka 2019 wataalamu wa moyo na wa hali ya hewa walichapisha utafiti juu ya vifo vya Wanepali zaidi ya 1,300 waliofia Qatar kati ya mwaka 2009 na 2017. Waliona kwamba vifo vilivyohusishwa na moyo viliongezeka katika miezi ya joto, na kwamba katika vifo 571 vya namna hiyo, hadi 200 huenda vingezuilika kama wafanyakazi wangekingwa na joto ipasavyo.

Hesabu isiyofanywa

Wengi wetu tumesikia kwamba watu 6,500 walikufa. Yatupasa kuwa waangalifu. Idadi hiyo ilichapishwa na gazeti la Guardian la Uingereza mwezi Februari 2021, nayo ni jumla ya vifo vya wahamiaji kutoka nchi tano za Asia ya Kusini kwa sababu zote, katika kazi zote, tangu mwaka 2010. Haikuwa hesabu ya waliokufa viwanjani, na mtetezi wa haki hapaswi kuitumia hivyo. Wakati huohuo haikuwajumuisha Wafilipino wala Wakenya. Waandaaji kwa upande wao walitaja vifo 37 vya wajenzi wa viwanja, wakasema ni 3 tu vilivyosababishwa na kazi. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilihesabu vifo 50 vilivyosababishwa na kazi katika nchi nzima kwa mwaka 2020 pekee.

Kwa nini hesabu zitofautiane kiasi hicho? Kwa sababu vifo vingi viliandikwa tu kuwa vya kawaida, au kwamba moyo ulisimama, bila daktari kuchunguza maiti. Moyo wa kila mfu umesimama. Kuandika hivyo ni kuandika kwamba amekufa kwa kuwa amekufa. Na kifo kikishaitwa cha kawaida, mwajiri hadaiwi fidia. Mjane wa Nepali alipokea jeneza na karatasi, na karatasi hiyo ikamfungia mlango. Hapo ndipo aibu kubwa ilipo. Mtu aweza kubishana kama ni mamia au maelfu. Hawezi kubisha kwamba waliokuwa na fedha za kupoza hewa ya viwanja saba walikuwa na fedha za kumlipa daktari achunguze kwa nini kijana wa miaka 25 hakuamka.

Asiyeweza kuketi

Joto pekee halitoshi kueleza vifo hivi. Wenyeji wa Ghuba wameishi na jua hilo karne nyingi, nao walijua kupumzika mchana na kufanya kazi alfajiri na jioni. Joto huua hasa pale mtu asipokuwa na ruhusa ya kuketi.

Kwa muda mrefu mfanyakazi mgeni nchini Qatar aliishi chini ya utaratibu wa udhamini uitwao kafala. Hakuweza kubadili kazi wala kuondoka nchini bila idhini ya mwajiri. Wengi walikuwa wamenyang'anywa pasipoti. Wengi walikuwa wamekwenda kwa mkopo, baada ya kumlipa wakala fedha ambazo sheria ya Qatar yenyewe ilikataza mfanyakazi kutozwa. Mtu wa namna hiyo hawezi kumwambia msimamizi, "Leo jua limezidi, naomba nikae kivulini." Deni lake humjibu kabla ya msimamizi kufungua kinywa.

Wala kusema hakukuwa salama. Mwaka 2021 kijana mmoja Mkenya aliyekuwa mlinzi huko, ambaye alikuwa akiandika juu ya maisha ya wenzake, aliwekwa kizuizini kwa takriban mwezi mmoja, akatozwa faini, kisha akaondoka nchini. Na mwezi Desemba 2022, mashindano yakiwa yamebakiza siku chache, Mkenya mwingine mwenye umri wa miaka 24, aliyekuwa kazini kama mlinzi katika uwanja wa Lusail, alianguka kutoka juu akafa. Fainali ilichezwa katika uwanja huohuo.

Yaliyorekebishwa

Haki yadai pia tuseme mema yaliyofanyika. Mwaka 2014 malalamiko rasmi yalifikishwa ILO. Mwaka 2017 Qatar ilikubali mpango wa marekebisho, na mwaka 2018 ILO ilifungua ofisi mjini Doha. Sharti la kibali cha kuondoka nchini likaondolewa kwa wafanyakazi walio wengi. Mwaka 2020 sheria iliruhusu mtu kubadili kazi bila idhini ya mwajiri. Machi 2021 kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi kilianza kwa wafanyakazi wote, watumishi wa majumbani wakiwamo. Mei 2021 saa za kukatazwa kazi juani ziliongezwa, na kazi ikaamriwa isimame kila mara kipimo kinachojumlisha joto, unyevunyevu, jua na upepo kinapopita nyuzi 32.1.

Marekebisho hayo yalitokana na kelele, nasi twajifunza kwamba kelele hazipotei bure. Lakini tutazame tarehe. Amri hiyo ya Mei 2021 ilikuja zaidi ya miaka kumi baada ya kura ya Zurich, viwanja vinne kati ya vinane vikiwa vimekwisha kufunguliwa. Mchezaji alihakikishiwa usalama wake miaka saba kabla ya mechi ya kwanza. Mjenzi alipata kinga kamili zaidi wakati zege lilipokuwa limekwisha kukauka.

Tena waliotangulia kufa hawakurudishiwa kitu. Mwezi Mei 2022 mashirika ya haki za binadamu yaliiomba FIFA itenge dola milioni 440, kiasi kilekile cha zawadi za timu, kwa ajili ya wafanyakazi waliodhurika na familia za marehemu. Katika miaka minne iliyoishia 2022 FIFA ilipata mapato yaliyozidi dola bilioni 7.5. Mfuko huo haukuundwa. Mwezi Novemba 2024 FIFA ilitangaza mfuko wa dola milioni 50 kwa kazi za mashirika ya kimataifa, ambao haukuwekwa kwa ajili ya kuwalipa wajenzi wale wala yatima wao.

Tusiwe wanafiki

Wako waliosema kwamba kelele za Ulaya zilikuwa dharau kwa Waarabu. Neno hilo lina ukweli ndani yake. Kombe la Dunia ni mali ya mataifa yote, na nchi ya joto haistahili kunyimwa uenyeji kwa kuwa ina joto. Mwaka 1994, Kombe lilipochezwa Marekani, mechi kadhaa zilichezwa adhuhuri katika joto kali ili watazamaji wa Ulaya wazione jioni yao. Makampuni ya Ulaya yalipata zabuni nono huko Doha, na wahamiaji huvuna nyanya za Italia chini ya jua na kwa ujira mdogo. Nyani haoni kundule.

Lakini kosa la anayelaumu halimfufui aliyekufa. Nasi pia tujitazame. Wakala anayemtoza binti wa Kiambu, Mbale au Singida fedha kwa ahadi ya kazi ya Ghuba ni mtoto wa nchi hii. Serikali zetu hufurahia fedha zinazotumwa nyumbani. Je, hufuatilia kwa bidii hiyohiyo maiti anayerudishwa bila maelezo? Septemba 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilikabidhiwa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, na viwanja vikaanza kujengwa kwetu. Kibarua wa Nairobi au Arusha ana kofia ngumu? Ana maji ya kunywa na mkataba wa maandishi? Akianguka, ni nani atakayemlipa mkewe?

Na mbele yetu liko jambo kubwa zaidi. Tarehe 11 Desemba 2024 FIFA iliikabidhi Saudi Arabia, iliyokuwa mwombaji pekee, Kombe la mwaka 2034. Ombi lake lilitaja viwanja 15 na timu zitakuwa 48. Jua ni lilelile, na vijana wetu wanaokwenda huko ni wengi. Safari hii hakuna awezaye kusema kwamba hakujua.

Yatupasayo

Kwa hiyo twasema mambo manne. Kwanza, kila mfanyakazi anayefia ugenini achunguzwe na daktari, na familia yake ipewe taarifa iliyoandikwa kwa lugha inayoeleweka. Pili, kazi isimame kwa kipimo cha joto na si kwa tarehe tu, na anayepumzika asikatwe mshahara. Tatu, gharama za ajira zibebwe na mwajiri, na serikali zetu ziwafutie leseni mawakala wanaowauzia maskini ahadi. Nne, fedha za fidia zitengwe kabla jiwe la kwanza halijawekwa, kama zinavyotengwa zawadi za washindi.

Kwako wewe, ndugu msomaji, tuna ombi dogo. Kama jirani yako au ndugu yako ajiandaa kwenda Ghuba, keti naye mwusome mkataba pamoja. Muulize amemlipa nani, kiasi gani, na kwa risiti ipi. Hakikisha nakala ya pasipoti yake na namba ya ubalozi wetu vinabaki nyumbani. Wako watakaosema unaingilia mambo ya watu, waache waseme.

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Qatar ilipokea wageni wa aina mbili. Mmoja alikuja kwa majuma manne, akapulizwa hewa baridi miguuni, akarudi kwao akiimba. Mwingine alikuja kwa miaka, akakijenga kiti alichokalia yule wa kwanza. Twadai kwamba wote wawili wahesabiwe kuwa watu, na kwamba swali la joto, siku litakapoulizwa tena, lianze na yule anayebeba tofali.